Mabroka wa santuri hapa Kisumu, hii "orijino" mnayotuuzia ni ya lini??

Wadau habari za jioni. Mimi huwa nasoma tu nyuzi za wengine lakini leo imenifika hapa kwa shingo, mnivumilie ikiwa ndefu.

Wiki mbili zimepita tangu ninunue The Sidewinder, santuri ya jazz ya mpiga tarumbeta Lee Morgan, kwa jamaa mmoja hapa tao, jina simtaji, wenye wako kwa hii mambo ya santuri wanamjua. 28,000. Someni tena, elfu ishirini na nane, pesa nimeweka pole pole tangu Januari. Aliniapia ni orijino ya 1964 ya Blue Note, ile kampuni ya santuri za jazz ya Marekani, mono, toleo la kwanza kabisa, akanitumia picha ya lebo, ile karatasi ya katikati ya santuri, na kweli pale imeandikwa NEW YORK USA. Nikajua nimepata. Umri wa Blue Note unausoma kwa anwani iliyo kwa lebo bana, za zamani sana ziko na Lexington Ave, zikafuata za 47 West 63rd, halafu hizi za New York USA, na Blue Note ilipouzwa kwa kampuni ingine, Liberty, 1965 ndio baadaye ukaanza kuona "A Division of Liberty Records". Kwa hivyo santuri ya 1964 kuwa na New York USA ni sawa kabisa, sikuona shida, nikatuma doo.

Nimefika kwa nyumba nikaiweka chini ya taa. Ile sehemu tupu kati ya wimbo wa mwisho na lebo, VAN GELDER, jina la fundi aliyewarekodia, imegongwa muhuri, safi. Natafuta sikio, hakuna. Nageuza upande wa pili, hakuna. Kwa wenye hawajui, kiwanda kilichokuwa kinawapigia Blue Note santuri kinaitwa Plastylite na kilikuwa kinaacha alama ndogo ya P hapo kwa plastiki, imekaa kama sikio, ikaisha 1966 wakati Liberty walipeleka kazi kwingine. Sasa hao Liberty walirithi lebo na makava ya zamani yenye hayakuwa yametumika, wakaendelea kuyatumia hadi yakaisha. Ndio unapata lebo ni ya zamani, kava ni la zamani, lakini santuri yenyewe imepigwa baadaye. Sisemi ni mbaya, inalia vizuri sana, ile tarumbeta ikiingia unasikia nywele zinasimama. Lakini hiyo si ya 1964 na haiuzwi bei ya 1964, na hiyo tofauti ndio ilinifanya nijinyime miezi yote hiyo.

Nikampigia. Ati "boss hayo maneno ya masikio ni ya wazungu, mimi naangalia lebo tu."

Mtu anajua!! Nimekaa kwa stoo yake hata mara nne akinionyesha kwa simu bei za minada ya huko nje, akanifungulia ile Blue Note ya mpiga saksafoni Hank Mobley, namba 1568, yenye watu hutoa maelfu ya dola, na ni yeye alinieleza vile upande mmoja wa lebo ukiwa na anwani ya New York 23 bei inaruka. Sasa mtu wa kujua hiyo atakosaje kujua sikio, kitu ya kwanza yenye kila mnunuzi huuliza?

Na kuna hii ingine, hii ndio inaniuma kuliko pesa. Dani yangu, yaani nyanya, anaishi upande wa Siaya. Marehemu babu alikuwa anafanya kazi reli na kila mwisho wa mwezi akija nyumbani lazima aje na santuri, zile ndogo za 45, Shirati Jazz, Victoria Jazz, zile za prodyuza Oluoch Kanindo zenye zilipendwa hadi Zimbabwe watu wakauita huo muziki kanindo. Wimbo mmoja umegawanywa pande mbili, unageuza ukikimbia ndio watu wasirudi kukaa. Babu alizipa zote namba kwa biro ya bluu juu ya lebo, na 7 yake ilikuwa na kamstari katikati.

Mwaka jana huyu huyu jamaa alifika huko na boda, na gunia. Akamwambia dani hizi ni plastiki tu, hata mashine za kuzipiga hakuna siku hizi. Akachukua 43 kwa shilingi 50 kila moja, 2,150 yote. Dani akampikia chai na akamfungia njugu za njiani, alidhani amesaidiwa kutoa takataka kwa nyumba. Mimi nilikuja kuambiwa Desemba.

Juzi rafiki ananitumia linki ya mnada. Shirati Jazz, imeandikwa adimu, orijino, jazz ya Afrika Mashariki, na hiyo si jazz ni benga, bendi zetu zilijiita tu Jazz enzi hizo lakini hilo neno linavuta mzungu. Iko dola 140 na mnada haujafungwa. Navuta picha karibu, kwa lebo kuna 17, biro ya bluu, 7 iko na kamstari.

Kwa dani zilikuwa plastiki. Zikivuka mpaka zimekuwa adimu. Kwangu santuri ya Liberty imekuwa ya 1964, na nikimshika amerudi kuwa mtu hajui kitu. Akinunua hajui, akiuza anajua, akishikwa hajui tena.

Na msiniambie biashara ni biashara. Omera mimi pia huzunguka soko la Kibuye Jumapili natafuta santuri na kuna zenye nimeuza, broka lazima apate ya mafuta na ya jasho lake. Angempa dani 500 kwa kila moja angebaki anakula vizuri sana. Lakini kukaa kwa kiti ya mama mzee, unakunywa chai yake, unamdanganya ukimwangalia macho, hapana, hiyo siwezi kuiita biashara.

Jamaa najua utasoma hii. 28,000 yangu irudi, santuri iko kwa kava lake vile ulinipa, nitakuletea hadi mlangoni. Na wenye mmenunua Blue Note kwake hii miaka miwili, toeni leo muinamishe kwa tochi mtafute hilo sikio, mkikosa mseme hapa na picha, tusiwe tunanyamaza kila mtu na aibu yake kwa nyumba.

Na kama wewe ndio utashinda huo mnada, au unamjua mwenye atashinda, nitumie meseji tafadhali. Ni namba 17. Nilimuonyesha dani picha kwa simu, ameniuliza hiyo moja peke yake. Nitalipa vile ulinunua, na posta juu yangu.