Mivumba (nguo za mitumba), samani za mkono wa pili au vitu vya kale: niweke pesa wapi Kampala?

BintiArua
Habari zenu wakubwa. Nimehamia Kampala kutoka Arua, nimepata chumba cha duka Ndeeba, si kikubwa, na akiba kidogo ya kuanzia. Njia ninazoziona ni tatu: kukata belo (marobota) za mivumba, kununua samani za watu wanaohama, au kuuza vitu vya kale kama redio za zamani, noti za enzi ya Amin na cherehani za mkono. Moyo wangu uko kwenye vya kale, ila kodi ya chumba haisubiri. Mlio ndani ya biashara hizi, nilinganishieni.

MzeeWaBelo
Karibu mwanangu. Mimi ni wa soko la Owino. Sifa ya mivumba ni mzunguko: belo imekatwa asubuhi, jioni pesa iko mkononi. Lakini ujue unanunua usichokiona. Belo ya kilo 45 huja imefungwa kwa mikanda, na aliyekuuzia haipokei tena ukishaikata. Wanaochagua kwanza, wengi wao wenye maduka, wanalipa bei ya juu, na hapo mtaji unatakiwa urudi wote. Zinazobaki chini zinamwagwa kwenye turubai kwa bei ya kutupa. Ukiona hadi saa sita mtaji haujarudi, belo hiyo imekukata wewe.
Jingine ni siasa. Agosti 2023 Rais alitangaza kule Mbale kwamba nguo hizi zikome kuingia nchini. Biashara iliendelea, lakini wiki zile hatukulala. Anza na nguo za watoto. Mtoto anakua kila siku, mzazi atarudi tu.

FundiKatwe
Namheshimu Mzee, ila kwa Ndeeba sikubaliani naye. Mivumba inataka mahali watu wanapita kwa wingi. Ndeeba ni mbao na mafundi, na samani ndizo zinazotaka hivyo viwili. Kiti kilichovunjika mguu unakinunua kwa bei ya kuni, jirani yako anakitengeneza, unakiuza kama kiti.
Mali iko Kololo, Bugolobi na Muyenga, kwa watu ambao mkataba wa kazi umeisha. Anayepanda ndege Ijumaa haringi bei Alhamisi. Jenga urafiki na walinzi wa mageti na madalali wa nyumba, maana wao ndio wanaojua mapema nani anahama.
Jifunze kuutambua mvule. Inua kona ya meza: ikiwa nyepesi, achana na maneno ya muuzaji. Vuta droo, igeuze, angalia pembeni. Kazi ya zamani vipande vimeumana vyenyewe bila msumari, na upande usiopakwa vanishi una rangi ya kahawia inayoelekea dhahabu. Siku hizi watu wanapaka rangi ya mvule juu ya mbao laini, na mchwa ndio watakaokuonyesha ukweli.
Friji na televisheni usiziguse kama huna fundi wa umeme unayemwamini.

DadaSarafu
Binti, moyo wako usiuzime, ila usiutegemee kulipa kodi. Kitu cha kale kinaweza kukaa rafuni miezi kabla mnunuzi wake hajafika. Noti zenye sura ya Amin, zilizoanza 1973, bado ziko nyingi majumbani, kwa hiyo iliyochakaa haina bei; mtu anatafuta ile isiyokunjwa. Tena wauzaji wanawaambia wageni kwamba bado ni pesa. Si kweli, mwaka 1987 shilingi ilibadilishwa, sifuri mbili zikakatwa. Sarafu usizisugue kwa majivu wala limau. Mng'aro huo unaua bei.

MnubiBombo
Naongeza jambo moja ambalo naomba lichukuliwe kwa uzito. Ngoma za koo, vifaa vya masabo (vibanda vya mizimu) na vitu vya makaburini msinunue, hata kijana wa familia akivileta mwenyewe usiku. Kuna sheria, mpya ya 2023 iliyochukua nafasi ya ile ya 1967, na kuvitoa nchini bila kibali ni kosa. Mwaka 2024 vitu 39 vilirudi kutoka Cambridge hadi Makumbusho ya Uganda, na hata hivyo vimekuja kwa mkopo. Vilitoka hapa kirahisi. Tusiwe sisi tunaovitoa tena. Pembe za ndovu sizitaji hata, hapo ni jela.

BintiArua
Asanteni sana. Nimeelewa samani zitangulie. Sasa mtu akiniletea kabati dukani, nitajuaje si la wizi?

FundiKatwe
Usinunue mlangoni. Nenda ukalione nyumbani kwake. Andikianeni mkataba, mwenyekiti wa LC1 (baraza la kijiji au mtaa) wa eneo lake apige mhuri, upige picha kitambulisho chake pamoja na kabati lenyewe. Lipa kwa simu, si taslimu, ili jina libaki. Anayekataa haya, mwache aende na kabati lake, hata kama ni mvule.

BintiArua
Sawa kaka. Na kuna bibi hapa jirani ana cherehani ya Singer ya mkono, nyeusi, maua ya dhahabu bado yanaonekana. Anataka kuiuza. Nimpe bei ya fundi nguo au ya vitu vya kale?

DadaSarafu
Fundi nguo analipia inavyoshona, mkusanyaji analipia hayo maua. Tazama upande wa kulia wa kitako, kuna namba imegongwa kwenye chuma. Kwa namba hiyo mwaka wa kutengenezwa unapatikana. Ipige picha uitume hapa kabla hujataja bei yoyote kwa bibi, na mwambie asiipake mafuta ya taa kuing'arisha.