Dar hadi Njombe na watoto wawili: ndani ya gari niweke nini?

MamaWawili_Kimara

Wakubwa shikamooni, wenzangu habari za jioni.

Mwezi wa sita shule zikifungwa nampeleka mama mkwe kwao Njombe. Alikuja huku kwa ajili ya kliniki ya macho. Tutakuwa mimi, yeye na wanangu wawili, mmoja ana miaka 9, mwingine 4. Gari ni Toyota Raum. Mume wangu yuko kazini Mtwara, kwa hiyo usukani ni wangu mwanzo hadi mwisho.

Naendesha mwaka wa sita sasa, ila ni Kimara kwenda Posta na kurudi. Mbali kabisa nimefika Morogoro, tena mara moja tu. Kwenye buti nina triengo mbili (zile pembetatu za kuakisi za kuonya wenye magari), mtungi wa kuzimia moto wa kilo moja na kisanduku cha huduma ya kwanza. Vyote nilivinunua siku trafiki aliponisimamisha, na toka siku hiyo sijafungua hata kimoja.

Mnaoijua hiyo barabara, naombeni mniambie kipi kinakosekana. Nikiwa peke yangu huwa siogopi. Safari hii naogopa.

FundiUmeme_Mbezi

Dada, anza na betri, maana ndiyo inayowaumbua wengi asubuhi ya baridi huko Njombe. Tafuta nyaya za kubustia zilizo nene. Zile nyembamba zinazouzwa kwenye foleni zinapata moto mkononi na gari haliwaki.

Namna ya kufunga: nyekundu unaanza na chanya ya betri iliyokufa, halafu chanya ya betri nzima. Nyeusi unaanza na hasi ya betri nzima, na ncha ya mwisho unaibana kwenye chuma kitupu cha injini ya gari lililokufa, mbali na betri. Betri inatoa gesi, na cheche ikirukia pale inaweza kulipuka usoni kwako.

Ongeza fyuzi za akiba (ampea 10, 15 na 20) na tochi ya kuvaa kichwani. Hiyo ya kichwani usiidharau, mikono yote miwili inabaki na kazi yake.

Mzee_wa_Tunduma

Marahaba mwanangu.

Nimeendesha semi kati ya bandari ya Dar na Tunduma miaka 27. Nimeacha kwa sababu ya macho, kama huyo mama mkwe wako. Vitu ulivyonavyo ni vizuri. Mimi nakuuliza viko wapi, na kama mkono wako unavijua gizani.

Nitakusimulia nilichokiona mwaka 2009, mwezi wa nne, kwenye saa tatu usiku. Nashuka na shaba ya Zambia, nimeshaipita Doma, mvua inanyesha. Mbele nikaona kimwanga kidogo kiko chini karibu na lami, kinachezacheza. Nikadhani ni baiskeli. Kumbe ni tochi ya simu, mtu ameing'ata mdomoni. Amepiga magoti nyuma ya Noah, tairi la kulia limepasuka, naye anashusha magunia ya mchele kutoka kwenye buti, moja moja, anayapanga hapo hapo barabarani. Jeki iko chini ya mchele. Triengo ziko chini ya mchele. Taa amezima, anasema anaokoa betri. Mkewe na watoto watatu wamo ndani, wamelala.

Nikasimama nyuma yao, nikawasha hazadi na taa zote, tingo wangu akarudi mbio na tochi kuzuia magari. Tulikuwa tunawatoa watoto basi likapita. Kioo cha pembeni cha lile basi kilipita karibu na kichwa cha yule baba, upepo ukachukua kofia yake, hatukuiona tena. Mtoto mdogo nilimbeba mimi. Alinishika kola ya shati akakataa kuniachia hata tulipofika kwenye majani.

Kwa hiyo, mwanangu, triengo zitoe kwenye buti leo hii. Ziweke nyuma ya kiti chako, pamoja na tochi na kile kizibao cha kuakisi (kama huna, nunua viwili, kimoja cha mama mkwe). Mtungi wa moto ufunge kwa mkanda wake chini ya kiti cha abiria wa mbele. Ufunge kweli, usiwe unaviringika. Chupa ya maji tu ikiingia chini ya pedeli ya breki ni msiba, sembuse mtungi.

Likikuharibikia: hazadi kwanza, toka kwenye lami kadiri unavyoweza hata kama rimu itaumia, halafu wote washukie mlango wa kushoto, wasogee mbali na barabara. Wasikae ndani eti kuna baridi. Gari lililosimama ndilo linalogongwa. Kisha chukua triengo, ishike mbele ya kifua chako uso wake ukitazama magari yanayokuja, tembea hatua 70 au zaidi ndipo uiweke. Ukiwa umekwama baada ya kona, ipeleke kabla ya kona, hata kama ni mbali. Triengo inayoonekana mtu akishamaliza kona haina kazi.

Utaona pia matawi yametandazwa barabarani. Hiyo ni lugha yetu, maana yake mbele kuna mwenzako amekwama, punguza mwendo. Hata wewe unaweza kukata matawi. Ila ukiondoka, yaondoe! Na mawe ya kuzuilia tairi yaondoe. Hili linaniuma mpaka leo. Pale mlima Kitonga watu wanaweka jiwe kubwa kama kichwa cha mbuzi nyuma ya tairi, gari likipona wanapanda gia na kuondoka, jiwe linabaki linamsubiri mtu wa bodaboda usiku. Wewe beba kabari mbili za mbao, seremala yeyote hapo Kimara atakukatia kwa hela kidogo.

Kuna sehemu moja tu nasema mbaki ndani: hifadhi ya Mikumi. Lami inakatiza katikati ya wanyama kilomita 50 hivi. Tembo, nyati na simba wote wapo, na si kila siku unawaona kabla hawajakuona. Tairi likiisha upepo humo, tembea taratibu nalo mpaka eneo la wazi, washa hazadi, funga vioo, simamisha gari lingine. Tairi ni la kununua.

Na Kitonga yenyewe: wakati wa kupanda zima AC, angalia mshale wa joto. Mshale ukianza kupanda, tafuta pa kusimama mapema. Gari likishachemsha usiguse mfuniko wa rejeta, hata umefunga kitambaa mkononi. Subiri nusu saa na zaidi, mpaka uweze kuweka kiganja kwenye bomba la juu la rejeta bila kuungua. Beba lita 10 za maji ya gari, mbali na ya kunywa. Wakati wa kurudi mkiteremka, shika gia ya 2 au L, usiikalie breki mlima mzima.

Jambo la mwisho nalisema kwa uchungu. Ukiona tangi la mafuta limepinduka, rudi nyuma, na watoto wasishuke. Msamvu pale Morogoro, Agosti 10 mwaka 2019, tangi lililipuka, waliokufa walipita 100, na wengi walikuwa wamekimbilia kuchota.

Muuguzi_Iringa

Dada, nafanya kazi wodi ya majeruhi, nawapokea wa barabara hiyo.

Visanduku vinavyouzwa barabarani huwa na plasta ndogo ndogo, pamba na kichupa cha spiriti. Kwa ajali haitoshi. Ongeza glavu jozi nne, bandeji pana za kutosha, na gozi nyingi kuliko unavyodhani. Halafu beba kanga doti moja na nusu, zilizofuliwa. Kanga moja ukiikunja mara nne ni ya kukandamizia jeraha, nyingine inafunga mkono uliovunjika shingoni, ya tatu inamfunika mtu asipate baridi au inamstiri. Kila wiki naona kanga iliyookoa mtu.

Damu ikiwa inatoka kwa nguvu, kandamiza hapo hapo kwa kiganja na uzito wako, usifunue kila dakika kuangalia. Kitambaa kikilowa, ongeza kingine juu yake, cha kwanza usikitoe. Majivu, kahawa, mafuta ya taa, tafadhali visikaribie jeraha. Bado tunavitoa kwenye vidonda kwa saa nzima.

Majeruhi akilalamika shingo au mgongo, au hajitambui, asivutwe mikono na miguu kutolewa garini, isipokuwa kuna moto au gari linaweza kugongwa tena. Mshike kichwa kisigeuke mpaka wapatikane watu wa kumbeba pamoja, akiwa amenyooka.

Dawa za macho za mama mkwe na za presha, kama anazo, zikae kwenye mkoba wake. Na kwenye karatasi andika majina yenu, dawa anazotumia, mzio wa watoto, na namba ya mumeo. Ibandike nyuma ya kile kibao cha jua. Simu huvunjika au hufungwa kwa namba za siri, na mimi nimekaa na mtoto wa miaka mitano usiku mzima bila kujua jina lake.

112 ni polisi, 114 zimamoto. Ziandike hapo hapo.

MamaWawili_Kimara

Shikamoo tena baba yangu, na asante dada muuguzi, asante kaka. Triengo nimeshazihamisha. Maswali mawili. Tairi sijawahi kubadilisha. Nikikwama si kuna watu watanisaidia? Na chini ya dashibodi upande wa abiria kuna kijiti chekundu kimebanwa, kina maandishi ya Kijapani. Ni nini?

Mzee_wa_Tunduma

Marahaba. Watu watakusaidia, barabara hiyo ina wema mwingi, mimi nimeula. Lakini usiku hujui aliyesimama ni nani. Ukijua mwenyewe, unachagua wa kumkubali.

Fanya Jumamosi, mchana, hapo nyumbani, pasipo na mteremko. Handbreki, gia kwenye P, kabari kwenye tairi la upande wa pili. Legeza nati kabla ya kupandisha jeki, robo mzunguko tu. Wengi wanapandisha kwanza, tairi linazunguka nao, gari linaanguka. Spea itupie chini ya bodi gari likiwa juu, jeki ikiteleza gari litaangukia tairi, si mguu wako. Nati unakaza kwa kuvukavuka, si kwa kufuatana, na ukishaenda kilomita 50 hivi kaza tena. Angalia upepo wa spea, na tarakimu nne ubavuni mwake: 2316 maana yake wiki ya 23 mwaka 2016. Spea haizeeki kwa kutembea, inazeeka kwa kukaa.

Hicho kijiti ni cha moto wa tahadhari. Magari ya Japani yanatoka nacho, unakikwangua kama kiberiti kinawaka chekundu dakika tano hivi. Kina mwisho wa matumizi, na chako bila shaka kimepita. Usikitegemee, watoto wasikichezee, na kamwe kisiwashwe palipo na harufu ya petroli.

MamaWawili_Kimara

Nimerudi, leo ndiyo Jumamosi yenyewe. Nawaandikia mikono imejaa grisi.

Kijiti cha moto kimeisha muda 2011, nimekitoa garini. Mtungi mshale uko kwenye nyekundu, yaani hauna kitu. Nimetembea nao miaka miwili nikijua nina mtungi. Jumatatu naupeleka ukajazwe na kukaguliwa. Spea ilikuwa na upepo kidogo sana, ila ni ya 2019.

Nati nne zikalegea baada ya kusimama juu ya spana. Ya tano ikakataa. Ina umbo lingine, spana haiingii kabisa. Jirani akaniambia ni nati ya kufuli, ina kifunguo chake kidogo kama kikombe cha chuma. Tumepekua gari zima, chini ya zulia, kwenye kidroo, hakipo. Gereji iliyonibadilishia tairi mwaka jana nimeipigia, nao hawakioni. Ina maana siku hiyo ningekuwa na jeki, spana, spea, tochi, kila kitu, na tairi lisingetoka.

Fundi mmoja amekuja na soketi ya kugongea, zote nne za kufuli zimetoka, ameniwekea nati za kawaida. Tairi la pili nimebadilisha peke yangu, dakika 34. Mwanangu mkubwa ndiye aliyeshika kabari, na sasa anajua hatua 70 zinaishia wapi kwetu: kwenye duka la Mangi.

Mama mkwe ametoa kanga zake mwenyewe. Tunaondoka tarehe 8, saa kumi na moja alfajiri.