Yule wa chumba cha skani hapa Kisumu leo amenimaliza

Nyalenda_Mjeuri
Simtaji. Kama umewahi kupigwa skani ya tumbo mji huu unamjua: yule wa miwani kwenye paji la uso, anayeita wagonjwa kama makanga wa Kondele akijaza gari la mwisho.

Niliambiwa nije kibofu kimejaa. Sawa. Mimba ni changa, wiki ya 10, nikanywa lita nzima ya maji nikaketi kwenye benchi. Benchi haliendi. Watu walizaliwa pale, wakasoma, wakaoa, mimi bado nimebana magoti. Karani kazi yake ni "bado kidogo, mama". Jirani alipiga chafya nikakaribia kuaibika.

Naingia. Hakuna habari yako, hakuna karibu. "Panda. Inua nguo." Mlango uko wazi, foleni nzima inanisalimia kwa macho. Halafu jeli. Jamani ile jeli imetoka wapi, kileleni Mlima Elgon? Nikaruka. "Tulia."

Hayo yote nasamehe. Lakini ameweka kile kidude tumboni, anakisukuma, kioo amekigeuzia upande wake. Kimya. Anabonyeza. Kimya. Halafu anasema, "Haiya!"

HAIYA! Unamwambiaje mjamzito haiya? Nikauliza, daktari, kuna nini? Hakujibu. Akasogelea kioo, akakunja uso, akatoka nje. AKATOKA, wenzangu. Mimi chali, jeli tumboni, mkojo uko mlangoni, na haiya inaning'inia kwenye dari. Kichwani nishazika, nishaombewa, nishagombana na mama mkwe.

Akarudi na kalamu. Kalamu! Akamaliza, akanipa tishu isiyotosha kupangusa kidole. "Vaa, ripoti utapewa dirishani." Ripoti inasema mtoto mmoja, moyo unapiga, yote sawa. Nimeisoma mbele na nyuma, haiya haimo. Sasa niambieni, ile haiya ilikuwa ya nini?

KondeleMpoa
Dada, kwanza choo ulifika? Tuanzie hapo 😂

BabaMapacha
Huyo huyo! Sisi alitutazama akasema "enhe, kazi mnayo", akacheka peke yake. Hakufafanua. Mke wangu alilia ndani ya matatu mpaka Ahero. Kumbe ni mapacha.

SamakiKavu
Ulitaka akuimbie? Mtoto yuko sawa, wewe unashitaki haiya. Shangazi yangu ametoka Siaya vijijini alfajiri kwa nduthi, akaambiwa mashine imeharibika, arudi wiki ijayo. Yeye hata haiya hakupata.

Nyalenda_Mjeuri
@SamakiKavu ulale chali na lita ya maji ndani, mtu akuguse kibofu akisema haiya, halafu aondoke. Nitakulipia mimi.

MzeeWaMashine
Nimestaafu kazi hiyo hiyo, nisikieni kidogo. Pengi anayepiga hatakiwi kutoa majibu, kuna daktari wa kusoma picha na kutia sahihi. Hilo ni kweli. Lakini hakuna aliyetukataza kusalimia. Mimi nilikuwa nasema, "Mama, nitanyamaza nikipima, kunyamaza kwangu si habari mbaya." Inachukua pumzi moja. Na mkishafika kwenye moyo unamgeuzia kioo aone, maana hicho ndicho alichojia. Kama kuna jambo la kuita mwenzako, unamwambia unakwenda kumwita nani, unamfunika, ndipo unatoka. Uso wako pia ni ripoti, wagonjwa wanausoma kabla ya karatasi.

Maji si adhabu, mimba ikiwa changa yanasaidia. Mawimbi yale ya sauti hayapendi hewa, basi kibofu kilichojaa kinasukuma utumbo kando na kuwa dirisha la kuchungulia. Jeli nayo ni ya kuondoa hewa kati ya kidude na ngozi. Vipo vifaa vya kuipasha. Ukikosa, mwonye mtu kwamba ni baridi. Ila ukimjaza maji halafu ukamweka foleni nusu siku, huo sasa ni ukatili.

Nyalenda_Mjeuri
Asante mzee, nimeelewa dirisha. Lakini HAIYA.

Bure_Tu
Gor walikuwa uwanjani? Nauliza tu. Redio ilikuwa wapi? Hiyo haiya naifahamu, ni ya bao.

Nyalenda_Mjeuri
Nikigundua ni bao narudi kesho asubuhi.

Dada_wa_Milimani
Mnacheka. Mimi niliambiwa "skani" tu. Niko kitandani ndipo naona anavalisha kifaa kirefu kondomu. Hakuna aliyenieleza kwamba kuna ya juu ya tumbo na ya kuingizwa ndani, wala kuniuliza kama nakubali, wala kuita muuguzi wa kike asimame nami. Sheria ya Afya ya 2017 inataka uelezwe na ukubali. Nilivaa nikaondoka, pesa yangu ikabaki.

BabaMapacha
Pole sana dada. Hiyo ifungulie uzi wake, imezidi haiya.

Naka_Nakuru
Nyinyi mmefika chumbani mnalalamika! Huku Nakuru nimeishia kwa karani. Mtandao umelala. Bima ya afya ya NHIF ilituachia SHA Oktoba 2024, foleni ikarithiwa nzima nzima. Nimebana nikashindwa, nikaenda choo. Kurudi nikaambiwa kibofu kitupu, anza kunywa upya.

KondeleMpoa
Kumbe nyinyi choo kilikuwa wazi! Sisi kina kufuli, ufunguo uko kwa askari, askari ameenda chai.

Naka_Nakuru
Wazi wapi? Nilivuka barabara mpaka stendi. Nikaitishwa shilingi 20, na maji hakuna. Ishirini!

SamakiKavu
Nakuru mlipewa hadhi ya jiji 2021 na vyoo bado ni vya zamani 😂

Naka_Nakuru
Na nyinyi mna ziwa zima mlangoni, mifereji mikavu. Jiji tangu 2001, muone haya.

KondeleMpoa
Ziwa usiliguse. Maji ya bomba leo siku ya ngapi Manyatta? Wenye mikokoteni wameniuzia mtungi kwa bei ya soda.

Bure_Tu
Mtungi wa lita ngapi huo? Usikute wamekupunja.

Nyalenda_Mjeuri
Jamani, uzi wangu.

SamakiKavu
Kuna mtu anatoka Nakuru kesho na gari lenye nafasi nyuma? Apitie Kericho, nina magunia mawili ya viazi yamekwama stendi.