"Karatasi zitafuata": nimechimba, nimemwaga zege, sasa mimi ndiye ninayedaiwa

Wakuu, mnivumilie. Uzi ni mrefu na ninauandika nikiwa nimekasirika. Mods, kama nimekosea jukwaa hamisheni, ila msifute.

Mimi ni mkandarasi mdogo, yaani napewa kazi na mkandarasi mkuu wa jengo, nafanya misingi. Kuchimba, kusuka nondo, kumwaga zege, kufukia, kuondoka. Jengo likianza kuonekana mimi sipo tena saiti. Shikeni hilo, maana balaa lote limekaa hapo.

Mchoro ulisema vitako vya nguzo, zile nyayo za zege ambazo nguzo zinakaa juu yake, vishuke mita 1.5. Tulipofika hapo udongo bado ulikuwa mlaini, ukiukanyaga kisigino kinazama. Nikasimamisha mafundi, nikaita watu. Akaja mhandisi mshauri pamoja na msimamizi wa saiti wa mkandarasi mkuu. Mhandisi akaokota kipande cha nondo, akakichomeka chini ya shimo kwa mkono mmoja, kikaingia chenyewe. Akasema shukeni mpaka mita 2.4, lile pengo jazeni zege. Nikamuuliza, mheshimiwa, maelekezo ya maandishi nayapata lini? Akacheka. "Endelea bwana, karatasi zitafuata." Msimamizi alikuwa pembeni yake, akaitikia kwa kichwa.

Jioni nikamtumia mhandisi ujumbe WhatsApp: "Kama ulivyoelekeza leo mchana, vitako vyote 22 tunashuka hadi mita 2.4 badala ya 1.5. Naomba uthibitishe." Akajibu kwa kidole gumba. Kidole tu, cha njano, hakuna neno.

Shimo moja ni mita 2 kwa 2. Zidisha kwa sentimita 90 za ziada, zidisha kwa mashimo 22: ni zaidi ya mita za ujazo 79 za udongo uliotolewa, na mita za ujazo 79 za zege lililorudishwa mahali pake. Siku 19 za nyongeza. Mafundi wamelipwa, zege limelipwa, mafuta yamelipwa, yote kutoka mfukoni mwangu.

Nikapeleka madai. Mkadiriaji majenzi, yule anayepima kazi ili ilipwe, akaangalia faili, akaangalia saiti ambayo tayari imefukiwa na imepigwa sakafu juu, akaniambia: "Mimi sipimi nisichokiona. Hati ya mabadiliko namba ngapi?" Namba hakuna. Karatasi hazikufuata.

Barua ya mkandarasi mkuu ilikuja baadaye, na nakiri aliyeiandika anajua kazi yake. Ukurasa mmoja tu. Kwanza, mhandisi hana mkataba na wewe, hivyo hukupaswa kupokea maelekezo kutoka kwake. Pili, hata kama uliagizwa, hukutoa notisi ndani ya siku 28, haki yako imekufa. Tatu, umechelewa siku 19, tunakukata fidia ya ucheleweshaji kwa kila siku. Yaani kazi waliyoniongezea hawalipi, na muda niliotumia kuifanya wananidai.

Siku 28 zimetoka wapi? Mkataba wangu mimi una kurasa 6. Kifungu cha 4 kinasema kwa mstari mmoja kwamba masharti ya mkataba mkuu yatamfunga mkandarasi mdogo "kama yalivyo". Mkataba mkuu wenyewe sikuonyeshwa. Nikasaini. Ndiyo, nilisaini kitu ambacho sijakisoma, wa kunitukana anitukane hapa hapa tuendelee. Nimekuja kuuona wakati tayari tunagombana: ni FIDIC, masharti ya mikataba ya ujenzi yanayotumika kimataifa, Kitabu Chekundu cha 1999. Kifungu 20.1 kinataka anayedai muda au pesa za ziada atoe notisi haraka iwezekanavyo, isizidi siku 28 tangu alipojua au alipopaswa kujua tukio. Ukipitisha, hupewi muda, hupewi malipo, na mwenye kazi anaondolewa wajibu wote juu ya dai hilo. Siku ya 29 wewe ni mtu mwenye hadithi tu.

Sasa kinachoniuma ni kwamba kitabu hicho hicho kina kifungu 3.3. Kinajua kabisa kwamba wahandisi huagiza kwa mdomo. Kinasema ukiagizwa kwa mdomo, mwandikie uthibitisho ndani ya siku 2 za kazi. Asipokataa au kukuelekeza kwa maandishi ndani ya siku 2 nyingine, uthibitisho wako unageuka kuwa agizo la maandishi. Nilipousoma niliruka kitandani. Si ndicho nilichofanya? Ujumbe wangu ulienda jioni ile ile!

Kumbe kuna kifungu 1.3. Mawasiliano yawe ya maandishi, na yakipita njia ya elektroniki iwe njia iliyokubaliwa na kutajwa kwenye kiambatisho. Kiambatisho kinataja barua pepe. WhatsApp haimo. Saiti nzima inaendeshwa kwa WhatsApp, michoro inatumwa humo, kuitana vikao humo, kugombana humo, lakini ikifika kwenye pesa WhatsApp haimo.

(Kwa wanaonicheka kuhusu kidole gumba: mwaka 2023 mahakama ya jimbo la Saskatchewan, Kanada, iliamua kwamba mkulima aliyejibu picha ya mkataba kwa kidole gumba alikuwa ameukubali na kuusaini, akaamriwa kulipa. Ule ulikuwa mkataba wa mazao, na wale watu wawili walikuwa na mazoea ya kukubaliana kwa ujumbe mfupi. Sisemi inanisaidia. Nasema kidole si utani.)

Tuje kwenye ile kidogo ambayo hata wao hawaibishii, malipo ya kazi ya kwenye mchoro. Hayo nayo bado. "Tukilipwa tutakulipa." Hiyo ni sentensi ya kisheria, wakuu, imeandikwa kwenye mkataba. Mwenye mradi akinuna na mkandarasi mkuu kuhusu madirisha, mimi wa msingi silipwi. Uingereza waliona ujinga wa sharti hilo wakalipiga marufuku kwenye mikataba ya ujenzi kwa sheria ya mwaka 1996, isipokuwa pale mlipaji wa juu anapofilisika. Sheria hiyo hiyo ikampa kila upande haki ya kupeleka mgogoro kwa mwamuzi wakati wowote, na mwamuzi ana siku 28 kutoa uamuzi. Mnalipana kwanza, mabishano makubwa yatafuata. Huko, kinachofuata baadaye ni mabishano. Kwangu kinachofuata baadaye ni karatasi.

Halafu fedha za zuio. Asilimia 10 inakatwa kwenye kila malipo. Nusu inarudi kazi ikipokelewa, nusu baada ya kipindi cha matazamio, muda wa kungoja kama kasoro zitajitokeza. Kazi gani ikipokelewa? Nilidhani ni yangu. Hapana, ni jengo zima. Mimi niliyemaliza kuchimba mwanzo kabisa namsubiri fundi rangi amalize, kisha nihesabu miezi 12 juu yake. Pesa yangu inazungushwa kwenye biashara ya mtu mwingine bila riba, na akifilisika ndiyo basi. Ile kampuni kubwa ya Uingereza, Carillion, ilipoanguka Januari 2018, wakandarasi wadogo walipoteza zuio zao hivyo hivyo. Nilisoma habari ile wakati huo, nikawahurumia, nikafungua ukurasa mwingine.

Mtu ameniambia simamisha kazi, FIDIC inaruhusu. Ni kweli, 16.1 inampa mkandarasi asiyelipwa haki ya kusimamisha kazi baada ya notisi ya siku 21. Nisimamishe nini? Kazi yangu iko chini ya sakafu ya mtu. Fundi milango anaweza kugoma na milango yake. Mimi nikigoma jengo linaendelea kupanda juu ya jasho langu.

Mwingine: nenda kwenye usuluhishi. Nimeuliza. Mkataba unataka jopo la wasuluhishi watatu. Kwa malipo ya awali tu ya wale watatu, dai langu lote linaisha na mimi ninabaki na deni. Aliyeweka jopo la watu watatu kwenye kandarasi ndogo ya msingi alijua hakuna atakayelifikia.

NYONGEZA: Naona wengi mnauliza kwa nini sikukataa kuchimba mpaka nipewe maandishi. Waulizaji wengi nahisi hawajawahi kusimama kwenye shimo lililo wazi mawingu yakijikusanya. Mashimo 22 wazi, mvua ikinyesha kuta zinaporomoka, na hasara ya kuchimba upya ni yangu. Mafundi wapo, wanataka posho ya siku wafanye wasifanye. Nikisubiri karatasi siku tano, siku tano hizo naandikiwa nimechelewa mimi. Wanaosema "endelea" wanajua hesabu hiyo kuliko mimi.

Ushahidi nilionao: ujumbe na kile kidole. Picha 60 na kitu, tepu ya kupimia ikining'inia shimoni, namba inasomeka 2.40. Risiti za zege zenye tarehe na ujazo. Na kitabu cha saiti. Ukurasa wa siku ile umelowa maji ya saruji kona moja, lakini mstari unasomeka, mwandiko wa msimamizi wao mwenyewe: "Mhandisi amefika, vitako kushuka zaidi." Hajaandika mita ngapi. Neno "zaidi" limenikosesha usingizi wiki mbili. Yupo humu mwanasheria wa ujenzi aniambie lina uzito gani? Na je, wao kupokea kazi, kuipigia sakafu na kujenga ghorofa juu yake si kukubali kwamba ipo?

Nimewaandikia pia: kama hamuamini kina, leteni mashine tutoboe sakafu vitako vitatu mnavyochagua nyinyi, tupime mbele ya wote.

Jibu limefika leo asubuhi. Ruksa kutoboa, gharama zote juu yangu, sakafu nitairudisha kama ilivyokuwa, na notisi niitoe siku 7 kabla. Limeandikwa vizuri, limesainiwa, lina muhuri na namba ya kumbukumbu.

Hilo wameliweka kwenye karatasi siku hiyo hiyo.