Naomba ushauri: kebo au wayalesi (kifaa cha kurusha sauti bila waya) kwa gitaa la umeme?

Wakuu, habari zenu. Jukwaa lina upana wa mita 8, na pikapu za gitaa (vinasa mtetemo wa nyuzi) hazitumii betri. Kebo ya mita 6 hubeba takriban pikofaradi 600 (kipimo cha uwezo wa kebo kuhifadhi chaji, ambao ukizidi hufifisha mlio), mlio bado ni mzuri. Ikifika mita 12 sauti kali (za juu) zinafifia. Wayalesi ya gigahezi 2.4 inaondoa tatizo hilo, lakini inagombania masafa na Wi-Fi, na ukumbi uliojaa simu unaweza kukata sauti katikati ya solo. Hilo ndilo linaloniogopesha zaidi.

Nibaki na kebo niongeze bafa (kifaa kidogo kinachoimarisha mawimbi ya gitaa kabla ya kebo ndefu), au nichukue wayalesi ya UHF (masafa ya redio yaliyo chini ya hayo ya Wi-Fi)? Pedali ya kwanza ni fazi (ya kukwaruza sauti), nayo hubadilika mlio ikitanguliwa na bafa au risiva (kipokezi cha wayalesi). Mnaitatuaje?