Naomba ushauri: kujiunga na matembezi ya siku moja milimani karibu na Nairobi

Bint Kilindini

Assalaam aleikum na hamjambo ndugu zangu. Mimi ni mama wa miaka 46, mzaliwa wa Mombasa, na nimehamia Nairobi kwa sababu za kazi tangu mwaka jana. Kazini kwangu kuna vijana ambao kila Jumamosi hulipia nafasi katika vikundi vya kupanda milima kwa siku moja, wakaondoka alfajiri na kurudi magharibi wakiwa wamejaa vumbi na furaha, nami nimeingiwa na hamu ya kufanya kama wao kabla magoti hayajaninyima ruhusa.

Tatizo ni kwamba jaribio langu la kwanza lilikuwa la aibu. Mwezi uliopita nililipia kikundi kimoja nilichokiona mtandaoni, ambacho sitakitaja, kwenda Ngong. Basi liliondoka mjini saa mbili badala ya saa kumi na mbili, na tulipofika, kiongozi alitangulia na vijana wenye miguu myepesi, akatuacha wanne nyuma bila hata kutuambia njia inapopinda. Tulipofika kilima cha tatu hatukumwona mtu mbele yetu, tukageuka na kurudi langoni, tukasubiri kwenye basi hadi jioni. Nilijiuliza kama kosa ni langu kwa kuwa mzito.

Naomba mnisaidie katika mambo haya. Je, mtu kama mimi aanze na mlima upi? Nitajuaje kikundi kizuri kabla ya kutoa pesa? Kuna pia mambo ambayo naona haya kuwauliza vijana wa kazini: mimi huvaa baibui, na sipendi swala zinipite. Tena presha yangu hupanda kidogo na ninameza dawa kila asubuhi.

Jabali la Ufa

Dada, usijitese bure, kwa kuwa ukizoea vilima vidogo utabaki kwenye vilima vidogo. Lipia Elephant Hill moja kwa moja. Utalia, utatambaa kwenye tope, lakini ukishafika kileleni hakuna mlima mwingine wa karibu na jiji utakaokutisha tena.

Fimbo ya Mzeituni

Waaleikum salaam, dada yetu. Nimeongoza matembezi ya milimani kwa miaka tisa, na kwa heshima zote kwa ndugu Jabali, naomba usiufuate ushauri wake mwaka huu. Elephant Hill, ulio katika safu ya Nyandarua juu ya Njabini, unazidi mita 3,500. Njia yake hupita kwenye msitu wa mianzi ambako tope hufika kwenye vifundo vya miguu, kisha hutokea kwenye nyasi za baridi ambako ukungu unaweza kushuka kwa dakika chache na kuwafanya hata wenyeji wasimame. Mtu hutumia saa nane, tisa, pengine zaidi, na aliyechoka akiwa juu hana gari la kumshusha. Ni mlima mzuri sana, lakini si wa kumfundishia mtu.

Nikianza na lile lililokuumiza, wewe hukukosea. Katika kila kikundi yupo mtu wa mwisho, na hilo linajulikana kabla basi halijaondoka mjini, kwa hiyo kiongozi asiyejiandaa kwa ajili ya mtu huyo hajajiandaa kabisa. Kikundi kinachojua kazi yake huwa na viongozi wasiopungua wawili: mmoja hutangulia kuonyesha njia, na mwingine hubaki nyuma ya mtu wa mwisho kabisa, haruhusiwi kumpita hata kama mtu huyo amekaa kwenye jiwe nusu saa. Kabla ya kutuma pesa, piga simu, usitume ujumbe, na uulize swali hili moja: nani atakayetembea nyuma yangu? Akikutajia jina la mtu na kukueleza jinsi wanavyowasiliana na wa mbele, endelea kuzungumza naye. Akikuambia usijali, sote tutakuwa pamoja, mshukuru na ukate simu.

Baada ya hapo uliza mambo ya kawaida: ada inajumuisha nini hasa, maana wengine hutangaza nauli tu na kiingilio cha hifadhi ukakijua langoni, kama wana sanduku la huduma ya kwanza na mtu anayejua kulitumia, na ni saa ngapi wanageuka hata kama kilele hakijafikiwa. Hilo la mwisho viongozi wengi hawapendi kuulizwa. Mimi husema mapema, basini, kwamba saa nane mchana popote tulipo tunaanza kurudi, kwa kuwa kwetu huku kwenye ikweta giza huingia mara baada ya saa kumi na mbili na nusu, na kushuka gizani ndiko kunakovunja vifundo.

Kuhusu mlima wa kuanzia, rudi Ngong. Najua hutaki kuusikia, lakini vile vilima ndivyo vilivyo karibu na jiji kuliko vingine. Sehemu ya kwanza, penye mitambo ya upepo ya KenGen, kampuni ya kuzalisha umeme, ina barabara, na unaweza kugeuka wakati wowote. Upande wa mashariki unaiona Nairobi yote, na upande wa magharibi ardhi inaporomoka kuelekea Bonde la Ufa, mandhari ambayo hata mimi niliyeizoea hunisimamisha. Njia nzima hadi upande wa Kona Baridi hupanda na kushuka mgongo baada ya mgongo, na ni ule mpando wa kurudiarudia unaochosha, si urefu, kwani kilele cha juu kabisa hakizidi sana mita 2,460. Ukitoka kwenye mitambo kuelekea kusini panakuwa pakiwa, na visa vya wizi vimewahi kutokea, kwa hiyo hakikisha kikundi kinachukua askari wa misitu pale langoni wa kuwasindikiza. Usikubali kuambiwa kwamba wingi wenu unatosha.

Ukishaimaliza Ngong bila kulala chini, nenda Longonot, mlima wa volkano ulio katika Bonde la Ufa. Kutoka langoni hadi ukingo wa kreta, yaani shimo kubwa la volkano lililo juu, ni kama kilomita tatu za kupanda, na kuuzunguka ukingo wote ni kilomita saba na kidogo, na kilele cha mita 2,776 kimo katika mzunguko huo. Uzuri wa Longonot kwa mgeni ni kwamba ukifika ukingoni umekwisha kuona kreta na msitu ulio ndani yake. Ukiona umechoka, keti hapo, kula, na uteremke kwa njia uliyopandia, wala hujapoteza safari. Ubaya wake ni kwamba hakuna kivuli wala maji huko juu.

Muuguzi Mstaafu

Dada Bint Kilindini, mimi naomba kujibu suala la presha tu. Usiache kumeza dawa siku ya safari eti kwa kuogopa kwamba zitakulegeza. Mwone daktari wako kwanza, umwambie wazi kwamba unataka kupanda mlima kwa saa tano au sita, na umwulize dawa yako ni ya kundi gani. Zipo dawa za presha zinazokufanya ukojoe zaidi, na kwenye jua la Longonot mtu anayezitumia huishiwa maji upesi kuliko mwenzake. Zipo nyingine zinazouzuia moyo usiende mbio, na kwa mtu wa namna hiyo kuhesabu mapigo ya moyo hakumwambii kitu, kwa hiyo atumie kipimo cha mdomo: kama huwezi kutamka sentensi nzima bila kukatika pumzi, punguza mwendo hadi uweze.

Umeshakaa Nairobi zaidi ya miezi sita, na jiji lenyewe liko karibu mita 1,700 juu ya bahari, kwa hiyo mwili wako umekwisha kuzoea kiasi. Mgeni aliyeshuka kwenye treni kutoka Mombasa Ijumaa usiku na kupanda mlima Jumamosi ndiye ningemhofia. Hata hivyo, kichwa kikiuma na kichefuchefu kikija ukiwa juu, usikazane. Dawa yake ni kushuka. Na maumivu ya kifua, au kizunguzungu kisichotulia baada ya kupumzika, ni ya kumwambia kiongozi papo hapo bila kuona haya.

Mwanamvita

Waaleikum salaam, mtani wangu wa pwani. Mimi pia navaa baibui na nimepanda Longonot mara mbili na Kilimambogo mara moja. Acha nyumbani lile refu linalogusa viatu, kwa sababu tatizo haliko wakati wa kupanda bali wakati wa kushuka, pale unapoikanyaga pindo yako mwenyewe na kujikuta umekaa kwenye changarawe. Mimi hushona kanzu pana inayofika chini kidogo ya magoti, yenye mipasuo ya pembeni, na ndani yake suruali pana ya kitambaa chepesi kinachokauka haraka. Mtandio uwe wa pamba na ubane kwa pini, kwa maana upepo wa Ngong hauombi ruhusa.

Kuhusu swala, mwambie kiongozi mapema kwamba utahitaji dakika kumi adhuhuri. Sijawahi kunyimwa. Kwa kawaida saa sita na nusu watu wanakula, kwa hiyo hakuna anayesubirishwa. Beba chupa moja ndogo ya maji ya udhu, usiichanganye na ya kunywa. Kibla kutoka huku ni kaskazini, ikielekea mashariki kidogo tu, na ukiwa kwenye ukingo wa kreta unaswali upepo ukikupitia usoni, jambo ambalo siwezi kulieleza vizuri kwa maandishi. Suala la kukusuru (kufupisha) na kukusanya swala kwa umbali wa safari mwulize mwalimu wako, mimi si mjuzi.

Chakula: beba tende, mayai ya kuchemsha, kashata na ndizi. Mahamri yaache, yanakausha koo.

Mkaa Njiani

Mimi naona vikundi hivi vimekuwa biashara ya picha. Watu hamsini kwenye njia moja, redio mikononi, maganda ya juisi vichakani. Kwa nini dada asiende na mumewe au dadaze, wakachukua gari lao na kutembea kwa utulivu?

Fimbo ya Mzeituni

Ndugu Mkaa Njiani, kuhusu kelele na takataka tunakubaliana, na hilo pia ni swali la kuuliza kwenye simu: mnapeleka watu wangapi? Mimi nikizidisha ishirini na watano, naanza kusahau nyuso. Lakini kwenda peke yenu kunategemea mlima. Kilimambogo, kwa mfano, uko karibu na Thika, una mita 2,145 tu na barabara hadi juu, ukiutazama utasema ni matembezi ya watoto. Ila jina lake si pambo. Mbogo wamo, na nyati aliyeshtuliwa kichakani hajali kama mmekuja na familia, ndiyo maana watu husindikizwa na askari wa wanyamapori mwenye silaha. (Njiani utaliona kaburi la yule mlowezi McMillan. Husimuliwa kwamba alitaka azikwe kileleni, lakini gari lililobeba jeneza likashindwa na mpando. Huwa nawaambia wageni wangu waliochoka kwamba hata marehemu aliishia hapo.)

Jabali la Ufa

Nimesoma, na naondoa ushauri wangu wa Elephant Hill. Nilikwenda nikiwa na miaka 24 na sikuwa na presha. Nitaongeza jambo moja la maana: kabla ya Ngong, tembea msitu wa Karura hapa jijini kila Jumapili kwa wiki tatu au nne, saa mbili bila kukaa, ukiwa na viatu vilevile utakavyovaa mlimani. Viatu vipya siku ya mlima ni malengelenge. Na ukate kucha za miguu, kwani kwenye mteremko vidole hugonga mbele ya kiatu, na kucha ndefu hugeuka nyeusi na kung'oka.

Bint Kilindini

Nawashukuru sana, na naomba radhi kwa kukaa kimya kwa wiki tano. Daktari alinipima, akanibadilishia saa ya kumeza dawa moja na kuniruhusu. Nilitembea Karura Jumapili nne. Kisha nikapiga simu kwa vikundi vitatu na kuwauliza swali la ndugu Fimbo. Wa kwanza alicheka. Wa pili aliniambia nisijali, nikakata simu kama nilivyoagizwa. Wa tatu alinijibu bila kufikiri kwamba nyuma atakaa binti mmoja aliyesomea huduma ya kwanza, na akanitumia nambari yake nizungumze naye mwenyewe.

Jumamosi iliyopita nimeimaliza Ngong yote. Nilikuwa wa mwisho, kama nilivyotarajia, lakini yule binti hakunihimiza hata mara moja. Kila nilipokaa naye alikaa, akatoa njugu, akanisimulia habari za vilima vilivyobaki bila kunidanganya kwamba vimekwisha. Askari wawili walikuwa nasi. Kiongozi wa mbele alisimama kwenye kila kilima hadi aliponiona.

Tumepanga Longonot mwisho wa mwezi. Nimebaki na swali moja: wenzangu wananitisha kwa habari ya vumbi la huko, kwamba linaingia viatuni hadi mtu ashindwe kutembea. Je, linazuilika?

Mwanamvita

Hongera sana. Vumbi lile ni jivu la volkano, laini kama unga, na halizuiliki lote. Vaa soksi ndefu, vuta suruali juu yake na uifunge kwa ukanda wa mpira kwenye kifundo, na ubebe soksi nyingine za kubadilisha mkiwa ukingoni. Barakoa ya kawaida itakusaidia wakati wa kushuka, watu wa mbele wanapolitimua. Maji yasipungue lita tatu, na zile za udhu zihesabu mbali. Mwombe yule binti akae nyuma yako tena.