Tupeane uzoefu: breki ya injini na retarda kwenye gemu za malori, mteremko gani ulikutoa jasho?

ChaliiWaSakina
Wakuu, za jioni. Leo nimekwama nyuma ya semi inayoshuka kutoka Ngaramtoni kuja mjini. Taa za breki haziwaki, ila mwendo unapungua na injini inanguruma mpaka vioo vya gari letu vinatetemeka. Dereva ametulia, kiwiko dirishani. Nikaikumbuka Norway ya kwenye Euro Truck Simulator 2, mbao tani 22, Oslo kwenda Bergen, usiku, mvua. Wanaocheza hizi gemu njooni hapa. Nani anatumia breki ya injini na retarda, zile za kupunguza mwendo bila kukanyaga breki ya mguu, kikweli, na nani anabonyeza kwa sababu mlio ni mtamu? Na ile siku mbaya zaidi msiifiche.

Meku_Pasua
Mkuu umenichokoza, ngoja niimwage yote.

Kwetu Pasua, Moshi, kulikuwa na banda la gemu, kompyuta moja tu ndiyo ilikuwa inaweza kubeba hiyo Euro Truck. Binamu yangu na mimi tukawekeana chipsi mayai: atakayefikisha mzigo bila kuugonga analishwa na mwenzake. Binamu kafika salama. Zamu yangu nikapewa tanki la mafuta, milima hiyo hiyo unayoisema. Mwenye banda alikuwa ameweka ile hali ya upepo wa breki kufanya kazi kama gari la kweli, na hakumwambia mtu.

Sasa kibodi mnaijua. Breki ni S, ukigusa imeshika yote, ukiachia imeachia yote, hakuna katikati. Nagusa, naachia, nagusa, naachia. Kila nikigusa upepo unapungua na mimi macho yako barabarani, siioni geji. B nilikuwa nimeshaibonyeza mapema, breki ya injini inawaka pale kwenye dashibodi, lakini nipo gia ya 12, injini inazunguka kivivu. Gari linaenda tu. Watoto wamejaa nyuma yangu. Mmoja anapiga kelele "shusha gia!", mwingine "usishushe, utavunja injini!", fundi bajaji mmoja alikuja kununua vocha akaacha vocha akawa kocha.

King'ora cha upepo kupungua kikaanza. Piii, piii. Nikashusha gia mbili kwa mpigo, injini ikapiga yowe, mwendo ukaanza kukata. Mbele kona ya kulia, chini maji meusi. Tela limeanza kunipita ubavuni, nalitazama kwenye kioo cha pembeni linakuja.

Umeme ukakatika. Banda zima giza.

Mpaka leo binamu anasema nilikuwa nimeshaanguka, nimlipe. Mimi nasema nilikuwa nalikunja vizuri. Familia imegawanyika.

mama_Junior
Huyo fundi bajaji nimempenda 😂

NgarenaroBoy
Kile king'ora cha upepo ni balaa. Nakisikia hata nikiwa nimelala.

Fundi_Njiro
Meku, hapo kwenye gia ya 12 na injini kuzunguka kivivu ndipo penye kesi yako. Breki ya injini inategemea mzunguko wa injini. Pistoni inapanda kugandamiza hewa, ikifika juu valvu za moshi zinafunguka, ile hewa iliyogandamizwa inatoka badala ya kurudi kuisukuma pistoni chini. Gari ndilo limetoa nguvu ya kugandamiza na halirudishiwi kitu. Injini ikizunguka polepole, hiyo kazi inafanyika mara chache, unabaki na mlio. Kwa hiyo gia inashushwa KABLA ya mteremko, sio katikati ukiwa umeshaanza kuita majina ya mababu.

Retarda ni mtambo mwingine kabisa. Inakaa kwenye gia boksi, mafuta yanakorogwa ndani yake na kuizuia propela, ile shafti inayopeleka nguvu kwenye tairi za nyuma. Haijali sana upo gia gani, inajali propela inazunguka kwa kasi gani, ndiyo maana mwendo ukiwa mdogo sana unaona kama imekata tamaa. Na joto lote hilo linaishia kwenye maji ya rejeta. Ya Scania inayoitwa R4100D inafika nyutonimita 4,100, hapo hujagusa breki ya mguu.

DogoWaRau
Asante fundi. Sasa kuna jamaa yangu wa Majengo anasema retarda ya kwenye gemu ni mbovu, anaongeza hatua zote na gari halisikii. Anataka kufuta gemu.

Fundi_Njiro
Gari lake halina retarda. Sio kila gia boksi inakuja nayo. Aende gereji ya ndani ya gemu, sehemu ya gia boksi, achague yenye retarda. Za Scania jina linaishia na R. Halafu ajue B ni ya breki ya injini tu, retarda ina vitufe vyake viwili, cha kuongeza hatua na cha kupunguza.

DogoWaRau
Nimemwambia. Kakaa kimya.

Stelingi_Tupu
Kwa heshima zote, mtu anayecheza kwa kibodi asilete uzoefu wa breki hapa. Nunueni stelingi na pedali, ndiyo mje. Mimi nina Logitech G29, pedali ya breki ile ngumu, mguu wenyewe unafundishika.

Meku_Pasua
Ulinunua pedali ngumu ili uikanyage mlima mzima? Mada ni breki zisizotumia mguu, kaka.

Stelingi_Tupu
Watu wa Moshi mnabana matumizi mpaka kwenye gemu.

Meku_Pasua
Na chalii wa Arusha mnashuka mlima mzima mnapiga honi, mnadhani honi ndiyo retarda.

mama_Junior
Haya shikaneni mashati. Mimi nacheza Bus Simulator Indonesia kwenye simu, basi nimelibandika rangi za mabasi ya kwetu. Honi ninayo 😂

MzeeWaSemi
Nimeonyeshwa mjadala huu na mjukuu wangu. Sichezi hayo mambo, lakini nimeendesha semi mpaka macho yalipokataa. Hii ya leo ni ya nilipokuwa utingo.

Tulitoka Tunduma na shaba ya Zambia kwenda bandarini Dar es Salaam. Gari lilikuwa na egzosi breki, ile ya kuziba njia ya moshi, na yenyewe ilikufa tukiwa Makambako. Tajiri alipoulizwa akasema shukeni hivyo hivyo, mzigo una meli unaisubiri. Dereva wangu, Mungu amrehemu, alikuwa mtu wa maneno machache. Tulipofika juu ya Kitonga akasimama, akazunguka gari, akapiga tairi teke moja moja, akaniambia "shika gogo lako, simama kwenye ngazi, mlango uache wazi". Tukaanza kushuka gia ya pili.

Wanangu, Kitonga mnaiona kwenye picha. Upande mmoja mwamba, upande mwingine hakuna kitu. Robo ya kwanza tulikwenda vizuri. Halafu gia ikachomoka. Gari chakavu, gia imelika, mzigo unaisukuma, ikaruka yenyewe ikaenda free. Akajaribu kuirudisha, ikakataa, inasaga tu. Akashika breki. Ikashika, ikashika, baadaye nikaona kwenye kioo moshi mweupe unatoka tairi za tela. Harufu ya lainingi ikiungua ukishainusa mara moja basi. Upepo unashuka, sindano naiona kutoka pale mlangoni.

Akasema "ruka". Niliruka na gogo, nikalitupa mbele ya tairi la nyuma la tela. Tairi likalipanda kama hakuna kitu. Dereva akaona mbele kuna lori linapanda, akakata akalipeleka gari kwenye mwamba. Lilikwaruza, cheche, kelele ya bati, mpaka likasimama lenyewe, kioo cha kushoto na mlango wangu vimebaki nyuma barabarani. Mlango ule ule niliokuwa nimesimama.

Nilikimbia nikamfuta yule mzee nikidhani amekufa. Nikamkuta ameshika usukani, anatazama nyani waliokaa juu ya ukuta. Akaniambia, "Kalete gogo."

NgarenaroBoy
Shikamoo mzee. Nimesoma nimesimama.

ChaliiWaSakina
Shikamoo mzee, marahaba tunaisubiri. Wakuu uzi umeshahama, hakuna mtu atasoma Norway yangu tena.

Stelingi_Tupu
Hii chai. Gia ya pili, tani 30, halafu gia iruke yenyewe? Na ameruka gari likiwa kwenye mwendo asiumie?

MzeeWaSemi
Marahaba wanangu. Wewe wa chai, sikusema sikuumia. Hukuuliza.

Fundi_Njiro
Gia kuchomoka ipo, tena sana kwenye gia boksi zilizochoka. Mzigo ukisukuma injini, meno yanavutwa upande usiozoeleka, kama yamelika yanatoka. Na ikishatoka mteremkoni, propela inakimbia, injini iko chini, huirudishi kirahisi. Ndiyo maana egzosi breki peke yake isingemuokoa: free haina breki ya injini. Retarda ingemsaidia, kwa sababu yenyewe imeshika upande wa propela.

MzeeWaSemi
Fundi huyo anajua. Siku hizo hiyo retarda tuliisikia kwa Wazungu tu.

Mwl_Shanty
Na breki ya injini yenyewe ina asili inayofanana na ya mzee. Mwaka 1931 Clessie Cummins, yule wa injini za Cummins, alikuwa anavuka Marekani na lori la dizeli akishindana na muda. Akishuka Cajon Pass kule California breki zikamshinda, na chini kuna reli, treni inapita. Alinusurika padogo. Wazo halikumtoka kichwani mpaka alipotengeneza breki ya injini, na kampuni ya Jacobs ikaanza kuiuza mwaka 1961. Ndiyo hiyo Wamarekani wanaiita Jake. Kwenye American Truck Simulator ndiyo silaha yako kuu, huko retarda ya Ulaya usiitegemee.

Meku_Pasua
Kumbe na yeye aliokolewa na treni kupita, mimi na umeme kukatika. Tuko wengi.

bibi_harusi_Kijenge
Samahani nitawaharibia kicheko. Ngaramtoni hiyo hiyo aliyoianzia mleta mada, Februari 2024 lori lilifeli breki likagonga magari, watu 25 wakafa. Mnavyochekea king'ora cha upepo wengine tunasoma kwa moyo mwingine.

Stelingi_Tupu
Dada hii ni mada ya gemu.

Fundi_Njiro
Ni ya gemu, lakini muache aseme. Naletewa gereji malori ambayo egzosi breki imefungwa waya tangu mwaka juzi na dereva anajua. Anasema "haina shida, breki za mguu nzima". Kijana aliyecheza gemu angalau anajua kuna kitufe kinaitwa hivyo.

bibi_harusi_Kijenge
Hapo sawa fundi.

ChaliiWaSakina
Pole dada. Haya, wenye mbinu leteni.

NgarenaroBoy
Gia uliyopandia mlima ndiyo ya kuushukia. Basi.

Stelingi_Tupu
Hiyo ni ya malori ya babu. Gari jipya lina retarda hatua tano, weka ya tatu, kaa kwenye 60, kunywa soda. Gia utashushia nini?

Fundi_Njiro
Shusha hata kama una retarda. Maji ya rejeta yanapozwa na pampu na feni vinavyozungushwa na injini. Injini ikilala na retarda inapika, joto linapanda.

Stelingi_Tupu
Kwenye gemu sijawahi kuona.

Fundi_Njiro
Nimejibu ya barabarani.

DogoWaRau
Kwenye mipangilio kuna breki ya injini kujiwasha yenyewe ukiachia mafuta. Niwashe au nizime?

Meku_Pasua
Washa.

NgarenaroBoy
Zima! Utakuwa unaachia mafuta kidogo tu kwenye tambarare gari linakata mwendo, unakanyaga tena, mafuta yanaisha kabla ya mzigo kufika.

Mwl_Shanty
Washa ukiwa milimani, zima ukifika bondeni. Ila mvua ikinyesha na tela tupu, retarda punguza mpaka hatua ya kwanza au toa kabisa. Inashika tairi za difu tu. Tela halijashikwa, linaendelea kuja, na barabara inateleza. Hapo ndipo kichwa kinajikunja.

Meku_Pasua
Kumbe ndiyo maana tela lilikuwa linanipita ubavuni!

Mwl_Shanty
Wewe hukuwa na retarda, na tanki lilikuwa limejaa. Wewe ulikuwa na kiherehere.

mama_Junior
😂😂😂 Mlipe binamu chipsi zake.

MzeeWaSemi
Mjukuu amenikalisha kwenye hiyo gemu jioni hii. Nimeshuka mlima wa huko kwao, sijui wapi, sikugonga. Lakini nimemkemea, anaendesha bila kukagua tairi.

NgarenaroBoy
Mzee na yule dereva wako mliendelea na safari siku hiyo hiyo?

MzeeWaSemi
Bila mlango wa utingo, ndiyo. Baridi ya Kitonga asubuhi muulizeni aliyekaa upande ule. Na tajiri alikata kioo kwenye mshahara.

Stelingi_Tupu
Haya mzee, shikamoo. Nimeiondoa ile chai.

MzeeWaSemi
Marahaba. Iache, nitainywa.

DogoWaRau
Swali la mwisho wakuu. Yule jamaa yangu wa Majengo amenunua gia boksi yenye retarda, sasa anatumia padi ya PS kwenye kompyuta. Vile vitufe viwili aviweke wapi?

Meku_Pasua
Popote. Ila mbali na honi, sisi tuna majirani.